Uzi wa Pili

Kabalagala ni jina la mtaa, na ni jina la kitafunwa pia. Chukua ndizi sukari zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, ziponde, zikande na unga wa muhogo mpaka donge liache mkono, lisukume, likate kwa mdomo wa glasi, kisha kaanga. Sukari haitiwi, hamira haitiwi. Kinamama wanaouza jioni karibu na njia panda ya Tank Hill wanajua kwamba kazi kubwa imeshafanywa na ndizi yenyewe ilipokuwa imening'inia inaiva. Wao wanamalizia tu.

Mimi hununua vitatu, navila nimesimama, halafu navuka Barabara ya Ggaba na mkoba wangu wa nyaya kwenda kazini. Ni fundi mitambo. Nilitoka Tanga mwaka 2006 kuja Kampala kwa miezi mitatu, na mpaka leo nafunga maikrofoni katika mabaa ya mtaa huu: nakaa nyuma ya vitufe kuanzia saa 3 usiku, nasikiliza bendi zinazopiga muziki mpaka saa 8 au 9, usiku baada ya usiku. Nyingi ya bendi hizo hazina hata wimbo mmoja uliorekodiwa. Nimeanza kwa kusema hivyo kwa sababu ninachotaka kukisifu ni ufundi wao, na njia iliyonifikisha hapo ni ndefu kidogo. Ilipitia Italia.

Wageni wanaoishi juu kule Muyenga, mikataba yao ikiisha, huuza vitu kabla ya kuondoka. Miaka michache iliyopita nilishuka na mashine ya santuri kutoka kwa mmoja wao, pamoja na santuri kumi na moja ambazo hakutaka kuzibeba. Moja ilikuwa ya bendi iitwayo Locanda delle Fate, na jina la albamu ni refu: *Forse le lucciole non si amano più*. Maana yake, huenda vimulimuli hawapendani tena. Ni kazi ya vijana saba wa mji wa Asti, kaskazini mwa Italia, iliyotoka mwaka 1977. Upande wa kwanza niliusikiliza huku nakunja nyaya. Upande wa pili niliusikiliza nimekaa.

Wana wapiga vinanda wawili. Kinanda kimoja kinaanza sentensi, cha pili kinaimalizia, na hakuna mahali wanapokanyagana. Kwa fundi mitambo hilo ni jambo kubwa. Vinanda viwili ndani ya bendi moja kwa kawaida ni ugomvi: vinagombea sauti zilezile za katikati, nami nabaki kupunguza hiki na kuongeza kile mpaka kunakucha. Hawa walikuwa wameshagawana njia kabla fundi wa studio hajagusa kitufe chochote. Mgawanyo wa namna hiyo hauzaliwi studio. Unatoka kwenye mazoezi ya miaka, chumba kimoja, watu walewale, mpaka kila mmoja amejua mwenzake atapumua wapi.

Nikatafuta albamu yao ya pili. Ya enzi ile haikuwepo. Walikuja kukutana tena baada ya zaidi ya miaka 20 wakatoa nyingine, lakini kundi la ujana wao liliacha sahani moja. Na hawakuwa peke yao. Museo Rosenbach walitoa *Zarathustra* mwaka 1973, jaladani mkiwa na picha iliyounganishwa vipande, kimojawapo sanamu ya kichwa cha Mussolini. Redio ya taifa ikawapa kisogo, na bendi ikafa. Semiramis wa Roma walitoa yao mwaka huohuo, mwimbaji wao Michele Zarrillo akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Cervello, *Melos*, 1973 tena. Biglietto per l'Inferno, 1974. Muziki huo waliuita roki ya kwenda mbele: nyimbo ndefu zinazobadilika njiani, filimbi na gitaa la umeme pamoja, dakika kumi bila kurudia kibwagizo. Bendi baada ya bendi zilisema mara moja, zikanyamaza.

Nilizizoea sahani hizo kwa urahisi ulionishangaza, mpaka nikakumbuka kwamba nilifunzwa utotoni kusikiliza hivyo.

Mjomba wangu kule Ngamiani, Tanga, alikuwa na santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika tatu, nne, ukibana sana tano. Nyimbo za dansi za kwetu zilihitaji nane. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili, Sehemu ya 1 upande huu, Sehemu ya 2 upande ule, na kazi yangu mimi ilikuwa kugeuza. Mjomba aliinua kidole, nami ninyanyue sindano, nigeuze, niishushe bila kukwaruza. Nikichelewa, wageni wanabaki wamekumbatiana katikati ya sebule wakisubiri mtoto.

Sehemu ya 1 ilikuwa ya hadithi: mwimbaji analalamika, magitaa yanamsindikiza kwa adabu. Sehemu ya 2 maneno yanakwisha na magitaa yanafunguliwa. Lakini nilichokuja kukielewa ukubwani ni kile kilichokuwa katikati. Waliopiga walijua sahani itakatika, wakautunga mkatiko wenyewe. Gitaa la solo linatoa kauli moja ndogo, kama swali, sauti inafifia, kimya, mtoto anageuza, na upande wa pili unaanza na jibu. Wale watu walitunga mpaka ule ukimya wa sekunde kumi ndani ya sebule ambayo hawataiona. Mtu akiniambia leo kwamba wimbo unaogeuka sura katikati ya njia ni uvumbuzi wa Ulaya wa miaka ya 1970, namkumbuka mjomba na kidole chake.

Sahani kubwa, yenye dakika ishirini kila upande, ilikuwa anasa kwetu. Santuri za ukanda huu zilichapwa Nairobi. Bendi ya Dar es Salaam ilirekodi Redio Tanzania, kanda ikakaa maktaba ya redio, na ikipata bahati tu ndiyo ilisafiri ikawa santuri. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Zaidi ya hayo kulikuwa na suala la vyombo, na hili watu wa nje hawalijui vizuri. Gitaa, ngoma, vipaza sauti havikuwa mali ya wanamuziki. Vilikuwa vya hoteli, vya baa, vya chama, vya jeshi, vya shirika. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na yeye alitaka ukumbi ujae Jumamosi, hakutaka wapigaji wake wapotee wiki mbili studio. Mwanamuziki aliyegombana naye alitoka mikono mitupu, na ufundi wake wote ukatoka naye kwa miguu.

Kwa hiyo bendi ya kwetu ya miaka ile iliyofikia kutoa sahani kubwa hata moja ilikuwa imevuka mito mingi. Ninazo mbili ninazozirudia, si katika santuri, sina bahati hiyo, bali katika simu.

Ya kwanza ni *Ave Africa* ya Sunburst. Hawa ni vijana wa Dar es Salaam, mji ambamo mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwa hoja kwamba unawaharibu vijana. Ungedhani roki ingezimika palepale. Sunburst wakaja na roki yenye Kiswahili na Kiingereza, ngoma za kwetu chini, gitaa linalonguruma juu, wakaishia kuhamia Zambia na huko ndiko ilikotoka albamu yao pekee, mwaka 1976. Kampuni ya Strut ya London iliitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi zao nyingine za tangu 1973. Sikiliza *Simba Anguruma* kwa vipaza sauti vikubwa kama unavyo. Besi na teke la ngoma vimekaa pamoja kama mguu na kiatu. Huwezi kumwambia mpiga besi afanye hivyo. Nimejaribu. Inatokea yenyewe baada ya usiku mia kadhaa, au haitokei.

Ya pili ni *Something for Someone* ya Black Savage wa Nairobi, iliyotolewa na EMI mwaka 1976. Humo alikuwemo kijana mzaliwa wa Mombasa, Job Seda. Bendi hiyo ndiyo iliyorekodi kwanza *Kothbiro*, utunzi wa Mbarak Achieng, ambao jina lake kwa Kijaluo ni mvua inakuja. Bendi ilikwisha, wimbo ukaendelea kutembea. Job Seda akawa Ayub Ogada, akauweka wimbo ule kwenye nyatiti, na mwaka 1993 akaurekodi tena Uingereza katika *En Mana Kuoyo*, kwenye kampuni ya Peter Gabriel, yuleyule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, bendi ambayo Italia iliipokea kwa shangwe wakati Waingereza wenyewe bado wanajiuliza. Mwaka 2005 *Kothbiro* ikasikika katika filamu ya *The Constant Gardener*. Mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha ile sauti ya Black Savage akakitia katika *Yikes*. Ayub Ogada alifariki mwaka uliofuata.

Nafikiri sana kuhusu nyatiti ya wimbo huo. Ina nyuzi nane. Mpigaji wa kijadi hukaa chini karibu na ala yake, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na pete ile inagonga ubao huku vidole vya mikono vinashughulika na nyuzi. Mtu mmoja ni ngoma na gitaa kwa pamoja. Mguu ukilegea hata kidogo mikono inaanguka. Ukiurudia wimbo uleule wa bendi na mkononi huna bendi tena, huna besi, huna dramu, unahitaji mguu wa namna hiyo. Ogada aliubeba mzigo wa watu wote wale kwa nyuzi nane na chuma kidogo, na bado wimbo haukuonekana umepungua. Hapo ndipo nilipoacha kuziita bendi za albamu moja bendi zilizoshindwa. Albamu ile ni siku chache ambazo mafundi walikutana na mtambo wa kunasa sauti. Ufundi ulikuwepo kabla ya siku hizo, wala haukuondoka zilipokwisha. Ndizi ilikuwa imeshaiva mtini.

Wanamuziki wetu wana neno hilohilo. Bendi nzuri, wanasema, imeiva.

Sasa nirudi Kabalagala, kwa sababu hapa ndipo ninapoziona zikiiva. Mtaa huu si wa watu wa namna moja. Meza ya kwanza ni Wakongo wa Kivu, ya pili Waeritrea, ya tatu vijana wa Juba, pale kona Waganda wazee waliokuja na wake zao, na mlangoni Wakenya wameingia kumi kwa kelele. Kila meza ina wimbo wake na kila meza inaamini bendi inaujua. Bendi ya mtaa huu lazima itoke kwa Franco iende kwa Afrigo, iende kwa Bob Marley, ipite Asmara, irudi kwenye harusi ya Kiganda, bila kuonekana inahama. Watu husema kwa dharau: hao wanapiga kopi tu. Kopi tu! Mwimbaji ninayemfahamu aliimba Kilingala miaka saba kabla hajajua neno moja lina maana gani, na Wakongo walimtuza fedha mpaka mifuko ikajaa kwa sababu kila irabu ilikuwa mahali pake. Huko ni kujua kusikiliza, na kusikiliza ndiyo shule nzima ya kazi hii. Afrigo wenyewe, walioanza hapa Kampala mwaka 1975 na wangali wanapiga, wametoa albamu nyingi, lakini waulize wapigaji wa mji huu Afrigo walisomea wapi, watakuonyesha jukwaa.

Kulikuwa na bendi moja ya watu sita iliyopiga usiku nne kwa wiki katika baa yenye ua wazi, si mbali na stendi. Sitaitaja, wala mwenye baa. Mpiga solo alikuwa mtu wa Uvira, mwembamba, mkimya, anayeniita Fundi na mimi namwita Kaka ingawa kwa umri tulilingana. Usiku mmoja wa mwaka 2019 walikuwa katikati ya rumba ndefu, ua umejaa, uzi wa pili wa gitaa lake ukakatika. Nilisikia kabla sijaona: sauti ilitoboka tundu.

Hakusimama. Alimwangalia mpiga ridhimu mara moja tu, na mwenzake akapanda juu ya shingo ya gitaa akalichukua solo, si kwa kuiga, kwa namna yake, polepole zaidi. Besi ikasikia kwamba ridhimu imeondoka mahali pake, ikajaza. Mwimbaji alikuwa amefikia ubeti wa mwisho, akarudi wa kwanza kama vile ndivyo ulivyotungwa. Mimi nikapandisha gitaa la pili, nikashusha la kwanza, ndiyo kazi yangu yote niliyoifanya usiku ule. Na yule Kaka akapiga goti nyuma ya kipaza sauti chake, akatoa uzi mpya mfukoni mwa shati, akaupitisha, akaukaza, akaukata ncha kwa meno.

Ilibaki kuutuni. Katika kelele ile hakuna sikio linaloweza kusikia uzi mmoja. Nikamwona anainamisha kichwa, anaweka taya lake juu ya pembe ya gitaa, mbao kwa mfupa, na anafumba macho. Alikuwa anausikiliza uzi kupitia kwenye taya. Anagusa, anakaza robo, anagusa. Karibu naye wanawake wawili walikuwa wanacheza, mmoja akamkwaruza bega kwa mkono wa blauzi yake bila kujua ni mtu. Halafu akasimama, akasubiri duru ikamilike, akaingia. Mpiga ridhimu akateremka kwake bila neno. Hakuna mcheza dansi aliyekosa hatua hata moja.

Flashi yangu ilikuwa imechomekwa kwenye mtambo. Mara mojamoja nilikuwa nanasa ili nisikilize makosa yangu nyumbani. Ninazo dakika arubaini na mbili za usiku ule.

Machi 2020 mabaa yalifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, yakaja kufunguliwa Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nimeona ua ule majani yameota kati ya vigae. Mwenye baa aliuza vyombo, na simlaumu kwa moyo mweupe wala sikubali kumsifu. Mpiga besi alirudi kwao Masaka. Mwimbaji alivuka kwenda Juba. Mpiga dramu sijui. Mpiga solo alinunua pikipiki kwa mkopo, akakaa kwenye stendi ya boda kule Kansanga, na nilipokuwa napita ananipungia mkono kama abiria yeyote.

Mabaa yalifunguliwa, bendi nyingine zikaja, vijana, baadhi yao wazuri sana. Ile haikurudi. Kwa hiyo zile dakika arubaini na mbili ndizo albamu yao, na aliyeitengeneza ni mimi, bila kukusudia, kwa kuchomeka flashi. Besi imezidi kidogo. Ningejua, ningeipunguza.

Mwaka jana nilimleta nyumbani. Alikuja na kofia ya boda mkononi, akaiweka sakafuni, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya vipaza sauti vyangu viwili. Nilimwuliza kama angependa chai, akaniambia baadaye. Nikabonyeza.

Hakusema kitu kwa nusu saa. Miguu yake ilikuwa inafanya kazi peke yake, kisigino cha kulia kinashuka pale ambapo teke la ngoma linashuka. Rumba ile ndefu ilipoanza aliinua macho akaniangalia, nikajua kwamba anakumbuka. Uzi ukakatika. Mwenzake akapanda. Besi ikajaza, mwimbaji akarudi mwanzo, na kwa dakika mbili na kitu gitaa la Kaka halimo kabisa, yumo chini nyuma ya kipaza sauti, taya juu ya mbao. Alikuwa amefumba macho vilevile. Duru ikakamilika, gitaa likaingia.

Akainua kidole.

"Simamisha hapo, Fundi." Nikasimamisha. "Wa pili uko chini kidogo."

Nikamwambia mimi sisikii.

"Uko chini," akasema. "Nirudishie."

Nikarudisha.